Testi zikiendeshwa moja moja zinapita, zikienda pamoja zinafeli. Fikscha yangu ina tatizo gani?

chipukizi_dom

Habari za jioni wakuu. Naombeni mnisaidie, hili jambo limenikaa kichwani tangu juzi na Jumamosi katibu wa kikundi anataka kuuona mfumo.

Iko hivi. Naandika kamfumo kadogo ka Python kwa ajili ya kikundi cha kuweka na kukopa cha mtaani kwetu, vile vya kununua hisa kila wiki. Sheria zao hazina mambo mengi, hisa moja ni 5,000, mwanachama anaruhusiwa kukopa mpaka mara tatu ya hisa zake, akichelewesha marejesho anapigwa faini ya asilimia tano ya deni. Mwanzoni sikuwa na testi hata moja, nilikuwa najaribu kwa mkono, na kila nikigusa faini mikopo inaharibika, nikirekebisha mikopo hisa zinaharibika, ndo nikaanza kujifunza pytest, chombo cha kuendesha testi za Python.

Sasa testi zimefika kama 40 na kila moja juu kabisa ina mistari ile ile sita saba, tengeneza kikundi, sajili Asha, sajili Juma, mnunulie Asha hisa. Nilikuwa nakopi na kupesti tu. Wiki iliyopita katibu akasema mtu hasajiliwi bila namba ya simu, nikabadilisha fankisheni ya `sajili` idai simu, testi zote 40 zikafa kwa mpigo na nikakaa usiku mzima nabadilisha mstari mmoja mmoja. Hapo ndo nikasoma habari za fikscha, yaani fankisheni ya maandalizi ambayo pytest inaiita kwa niaba ya testi, nikaona hii ndo dawa yangu. Nikaandika hivi:

```
@pytest.fixture(scope="module")
def kikundi():
    k = Kikundi("Upendo", bei_ya_hisa=5000)
    k.sajili("Asha", simu="0000")
    k.sajili("Juma", simu="0000")
    k.nunua_hisa("Asha", 10)
    return k

def test_mkopo_mara_tatu_ya_hisa(kikundi):
    kikundi.kopesha("Asha", 150000)
    assert kikundi.deni("Asha") == 150000

def test_asiyekopa_hana_deni(kikundi):
    assert kikundi.deni("Asha") == 0
```

Nikiiendesha ile ya pili peke yake inapita. Nikiendesha faili zima inaniambia `assert 150000 == 0`. Nikizibadilisha nafasi, ya pili ikawa juu, zote zinapita! Nimepitia kodi ya `deni` mara kumi haina kosa. Hiyo `scope="module"` niliiweka kwa sababu niliona mahali wanasema inafanya testi ziende haraka.

Na swali la pili, chuoni tulifundishwa `setUp` ya unittest, ile maktaba ya testi inayokuja na Python yenyewe, hii ina tofauti gani nayo au ni kitu kilekile kimebadilishwa jina?

---

mlinzi_wa_repo

Toa `scope="module"` ubaki na `@pytest.fixture` mtupu. Testi ya kwanza imemkopesha Asha, ya pili imemkuta na deni lake. `deni` yako ni nzima kabisa, imejibu ukweli.

---

mtoto_wa_seremala

Jibu la mkuu hapo juu ndo lenyewe, ila ngoja nikufafanulie maana ukilielewa hili hutarudi kuhangaika nalo tena.

Mimi nimekulia karakana, baba yangu ni seremala. Hilo neno fikscha limetoka huko huko karakana, ni kile kifaa kinachoshika kipande kisicheze wakati unakikata au unakitoboa. Kwetu kitu cha karibu kabisa na hicho ni jiliwa. Unabana ubao, unautoboa, unafungua, unauweka pembeni, unabana mwingine. Jiliwa ni moja siku nzima lakini ubao unabadilika kila mara. Wewe ulichofanya umeuacha ubao mmoja kwenye jiliwa, testi ya kwanza ikaupiga tundu, ya pili ikaja ikaambiwa huu ni ubao mpya. Kwa hiyo testi zinatakiwa kushirikiana NAMNA ya kutengeneza kikundi, sio kushirikiana kikundi chenyewe. Hapo ndo pana kila kitu.

Sasa pytest inafanyaje. Inasoma majina yaliyo kwenye mabano ya testi yako, ikikuta `kikundi` inatafuta fikscha yenye jina hilo, inaiita, inachukua ilichorudisha na kuikabidhi testi. Halafu inakihifadhi hicho kitu mpaka skopu yake, yaani muda wake wa kuishi, iishe. Skopu ziko tano, `function` ambayo ndo ya kawaida usipoandika chochote, `class`, `module`, `package` na `session`. Kwa `function` kinatupwa testi moja ikiisha. Kwa `module` kinakaa mpaka faili liishe, kwa hiyo testi zote za faili hilo zinashika kitu kimoja, kile kile kwenye memori, na aliyekichafua kamchafulia mwenzake. Ndo maana ukibadilisha nafasi zinapita, anayeuliza tu ametangulia na anayekopa kaja nyuma.

Usiniamini mimi, jionee mwenyewe, andika `pytest --setup-show` utapata kitu kama hiki:

```
SETUP    M kikundi
    test_mikopo.py::test_mkopo_mara_tatu_ya_hisa (fixtures used: kikundi).
    test_mikopo.py::test_asiyekopa_hana_deni (fixtures used: kikundi).
TEARDOWN M kikundi
```

Hiyo M ni module. Umeona SETUP iko mara moja tu na testi mbili ziko katikati? Ukitoa ile skopu utaona F, na SETUP na TEARDOWN zinaizunguka kila testi peke yake. Mimi nikiwa na testi inayofeli leo inapita kesho, kitu cha kwanza ni hii komandi kabla hata sijafungua kodi.

Kuhusu haraka, kikundi chako ni opjekti ndogo ya Python, haigusi diski wala mtandao, kukitengeneza mara 40 hutaona tofauti hata ukikaa na saa mkononi. Skopu pana ni ya vitu vizito.

Swali la `setUp`. Ni ukoo mmoja lakini sio kitu kimoja. Kent Beck alianza na SUnit ya Smalltalk, halafu yeye na Erich Gamma wakaandika JUnit ya Java mwaka 1997, na Steve Purcell akaileta upande wa Python kwa jina la PyUnit ikaingizwa kwenye Python 2.1 mwaka 2001 ikaitwa `unittest`. Ndo maana `setUp` ina herufi kubwa katikati, ni mtindo uliokuja nayo kutoka huko, sio wa Python.

`setUp` inaendeshwa kabla ya kila testi ya klasi ile, iwe testi inahitaji au haihitaji. Ukiwa na testi kumi, tisa zinataka kikundi chenye wanachama na moja inataka kikundi kitupu, hiyo moja nayo inajengewa nyumba nzima halafu haiingii hata sebuleni. Fikscha inaitwa kwa jina na anayeihitaji tu. Na fikscha inaweza kuomba fikscha nyingine kwa namna hiyo hiyo, jina kwenye mabano, ambapo kwa `setUp` ungeishia kurithisha klasi juu ya klasi mpaka hujui mstari gani umetoka wapi.

Kitu kingine, `setUp` ikianguka katikati `tearDown` haiitwi, wengi hawalijui hili, unaacha faili wazi au koneksheni imening'inia. Huko dawa yake ni `addCleanup`. Kwenye fikscha unatumia `yield`, kilicho juu yake ni maandalizi na kilicho chini ni kusafisha.

---

chipukizi_dom

Mkuu umenifungua macho, Mungu akubariki na mzee wako pia. Nimetoa skopu, zote zimepita, na hiyo `--setup-show` nimeiona kwa macho yangu.

Sasa nimeendelea, nimehamishia fikscha kwenye `conftest.py` ili mafaili yote yazipate, nimependa kwamba hata kuimport huhitaji. Ninazo `kikundi`, `kikundi_chenye_hisa`, `kikundi_chenye_mikopo`, `kikundi_chenye_wachelewaji` na `kikundi_kamili` ambacho kina kila kitu. Testi zimekuwa fupi sana, nyingi ni mistari miwili tu. Nimefurahi kwa kweli. Niko sawa au kuna kitu sijakiona?

---

Bi_Kaguzi

Mdogo wangu, hongera kwa kufika hapo, lakini hapo hapo ndipo naomba usimame kwanza. Kazi yangu kila siku ni kusoma testi za watu wengine, na nakuambia kwa nia njema kabisa kwamba hicho `kikundi_kamili` baada ya miezi mitatu kitakutesa kuliko ile kopi na pesti uliyoikimbia.

Nimejaribu kupiga picha testi yako ya faini itakavyokuwa:

```
def test_faini(kikundi_kamili):
    assert kikundi_kamili.faini("Juma") == 4500
```

Niambie 4500 imetoka wapi bila kufungua faili jingine. Huwezi. Mimi ninayeisoma siwezi, na wewe mwenyewe mwakani hutaweza. Juma alikopa ngapi? Ana hisa ngapi? Amechelewa siku ngapi? Majibu yote yako `conftest.py`, ndani ya fikscha inayoita fikscha inayoita fikscha. Halafu siku katibu akisema Juma wa mfano aongezwe hisa kwa ajili ya testi mpya ya gawio, utaongeza kwenye `kikundi_kamili`, na testi kumi na mbili ambazo hazihusiani na gawio zitafeli kwa sababu zote zilikuwa zinategemea hisa za Juma kimyakimya. Umerudi palepale pa usiku ule.

Kanuni ninayoishika mimi ni hii, namba inayopimwa na testi lazima ionekane ndani ya testi yenyewe. Mambo yasiyohusika, kama hiyo simu ambayo haina maana yoyote kwenye hesabu ya faini, ndo yakafichwe. Kwa hiyo badala ya kushirikiana kikundi kilichokwisha kupikwa, shirikianeni mpishi:

```
@pytest.fixture
def tengeneza_kikundi():
    def _tengeneza(**hisa):
        k = Kikundi("Upendo", bei_ya_hisa=5000)
        for jina, idadi in hisa.items():
            k.sajili(jina, simu="0000")
            k.nunua_hisa(jina, idadi)
        return k
    return _tengeneza

def test_faini_ni_asilimia_tano_ya_deni(tengeneza_kikundi):
    k = tengeneza_kikundi(Juma=6)
    k.kopesha("Juma", 90000)
    k.pitisha_tarehe_ya_marejesho("Juma")
    assert k.faini("Juma") == 4500
```

Soma sasa. Hisa 6 ni 30,000, mara tatu 90,000, kakopa zote, kapitisha tarehe, asilimia tano ni 4,500. Mtu ambaye hajawahi kuuona mfumo wako anaelewa, hata huyo katibu ukimkalisha mbele ya skrini atakuambia kama umekosea sheria yao. Testi imekuwa mistari minne badala ya mmoja na hiyo mitatu iliyoongezeka ndo yenye thamani yote. Siku wakidai na picha ya mwanachama, utabadilisha mstari mmoja tu ndani ya `_tengeneza`.

Tena kwa kikundi chako cha kwenye memori, ambacho hakina cha kufunga wala kusafisha, hata fikscha huhitaji, fankisheni ya kawaida ya Python inatosha, unaiweka kwenye faili lake unaiimport basi. Fikscha inalipa pale penye kusafisha au penye skopu. Watu wakishajifunza fikscha wanaiweka kila mahali.

Na tafadhali sana jihadhari na `autouse=True`, inayoifanya fikscha ijiendeshe kwenye kila testi bila kuombwa. Kuna ofisi moja niliwahi kufanya kazi, aliyenitangulia aliweka fikscha ya autouse kwenye `conftest.py` ya juu kabisa inayoigandisha tarehe ya leo iwe tarehe 15. Hakuna testi hata moja iliyoitaja kwa jina, maana haihitaji kutajwa. Testi za riba zikawa zinapita kila siku, kijani tupu, na huku wateja tarehe 31 wanakatwa riba ya mwezi usiokuwepo. Tulihangaika siku mbili, kila tukiandika testi ya tarehe 31 inakataa kufeli, mpaka mwenzetu mmoja akaendesha `pytest --fixtures-per-test` akaona jina ambalo hakuna aliyelijua. Wale ni watu walikatwa hela zao. Tangu siku hiyo mimi tarehe naipitisha mkononi, testi inayohusu tarehe iandike tarehe.

---

jirani254

Niaje watu wa huko. Bi Kaguzi ameongea ukweli mtupu, mimi pia nilikuwa na conftest moja ya mistari karibu elfu na hakuna mtu alikuwa anataka kuigusa. Lakini naomba nipingane kidogo hapo kwa kushirikiana, kwa sababu kuna wasomaji watatoka hapa wakidhani skopu pana ni dhambi, na hiyo si kweli.

Swali la kujiuliza ni moja, je testi inaweza kukibadilisha hiki kitu? Kama haiwezi, kishirikishe hata kwa `session` bila wasiwasi. Seti ya sheria uliyoisoma kutoka faili la mipangilio na hakuna anayeiandika, hiyo soma mara moja. Jedwali za databesi, muundo wake, hiyo tengeneza mara moja. Seva ya majaribio inayochukua sekunde kumi kuamka, iamshe mara moja. Lakini rekodi zilizo ndani ya jedwali, hizo kila testi na zake. Kama bado ni kitu cha Python kinachobadilika na unataka tu kukisoma, kifanye kisibadilike, tuple badala ya list, dataclass yenye `frozen=True`, hapo testi ikijaribu kukichafua inaanguka yenyewe papo hapo na inakuonyesha mstari.

Ya pili, usingoje bahati ikuonyeshe kwamba testi zinategemeana. Weka `pytest-randomly`, inazichanganya kila mara unapoziendesha, na mwanzoni kabisa inakuandikia namba ya mchanganyo huo, ukipata iliyofeli unairudia na `-p` ile ile ukitumia namba hiyo hiyo. Wiki ya kwanza itakukasirisha. Vumilia tu.

Na conftest si lazima iwe moja. Kila folda inaweza kuwa na yake na inaonekana na testi za folda hiyo na zile za chini yake. Fikscha ya mikopo ikae folda ya mikopo.

---

mlinzi_wa_repo

Narekebisha kidogo hapo kwa jirani, namba ya mchanganyo unairudisha kwa `-p randomly` hapana, ni `-p no:randomly` ya kuizima na `--randomly-seed=` ya kurudia. Mengine yote sawa.

---

jirani254

Asante mkuu, ni kweli, `--randomly-seed=1234` mfano. Nilichanganya.

---

chipukizi_dom

Nimezifuta zile fikscha tano zote, nimebaki na `tengeneza_kikundi` kama fankisheni. Dada Bi_Kaguzi asante sana, hiyo habari ya tarehe 31 imeniogopesha kweli maana hapa ni hela za akina mama wa mtaani.

Sasa nimefika kwenye databesi, PostgreSQL na SQLAlchemy (maktaba ya Python ya kuongea na databesi), na hapa nimekwama pawili. Kwanza nimeweka fikscha ya `session` ya kuunda jedwali lakini ndani yake nimeomba fikscha nyingine ya kawaida, pytest inakataa inasema ScopeMismatch. Pili, nimejaribu kurudisha nyuma muamala baada ya kila testi, data inafutika vizuri, lakini testi yangu inayosema mwanachama wa kwanza ana id 1 inapita mara ya kwanza tu, ukirudia id inakuwa 7, mara 12. Nahisi rolibaki haifanyi kazi yote.

---

mtoto_wa_seremala

Rolibaki inafanya kazi. Twende taratibu.

ScopeMismatch kwanza. Fikscha inayokaa muda mrefu haiwezi kuitegemea inayokaa muda mfupi. Ya `session` itaishi mpaka testi ya mwisho, ile ya `function` inatupwa testi ya kwanza ikiisha, sasa ile kubwa itabaki imeshika nini? Kinyume chake ruksa, ndogo inaweza kuomba kubwa. Kwa hiyo zipange hivi:

```
@pytest.fixture(scope="session")
def injini():
    inj = create_engine(URL_YA_TESTI)
    Base.metadata.create_all(inj)
    yield inj
    Base.metadata.drop_all(inj)
    inj.dispose()

@pytest.fixture
def db(injini):
    conn = injini.connect()
    muamala = conn.begin()
    s = Session(bind=conn, join_transaction_mode="create_savepoint")
    yield s
    s.close()
    muamala.rollback()
    conn.close()
```

Jedwali zinaundwa mara moja, hiyo ndo sehemu nzito. Kila testi inapewa `db` yake, inaandika inavyotaka, ikimaliza kila ilichoandika kinarudishwa nyuma. Hiyo `create_savepoint` iko kuanzia SQLAlchemy 2.0, na maana yake ni kwamba hata kodi yako ikiita `commit()` ndani, muamala wa nje bado uko mkononi mwa fikscha, commit yako inaishia kwenye savepoint tu, yaani alama iliyowekwa ndani ya muamala huo. Bila hiyo, kodi yako ikiita `rollback()` yenyewe inaurudisha nyuma muamala wote wa nje, na maandalizi ya testi yanapotea nao.

Angalia pia mpangilio wa kusafisha, pytest inasafisha kinyume cha ilivyojenga, `db` inafungwa kabla ya `injini`. Na kumbuka, fikscha ikianguka KABLA ya kufika `yield`, sehemu yake ya chini haiendeshwi, zile zilizokwisha kukamilika ndo zinasafishwa. Kwa hiyo kila fikscha ifanye kitu kimoja kinachohitaji kusafishwa, usirundike koneksheni, faili na seva kwenye fikscha moja. Kosa la namna hiyo utalijua kwenye matokeo, pytest inaandika E badala ya F ya kufeli, yaani testi yenyewe haijafika hata kuanza.

Sasa id. PostgreSQL inatoa id kutoka kwenye sequence, kaunta inayotoa namba inayofuata, na sequence hairudi nyuma muamala ukirudishwa. Wameifanya hivyo makusudi, ingekuwa inarudi basi kila anayeingiza rekodi angelazimika kumsubiri mwenzake amalize kwanza. Kwa hiyo 7 na 12 ni sahihi kabisa. Kosa liko kwenye testi, imepima kitu ambacho mfumo wako haujawahi kuahidi. Hakuna mwanachama anayejali id yake ni ngapi. Mwingize Asha, chukua `asha.id` uliyopewa, mtafute kwa id hiyo, hakikisha umempata Asha.

Ukija kutumia `pytest-xdist` kuziendesha sambamba, mfano `-n 4`, jua kwamba kila mfanyakazi ni mchakato wake na ana `session` yake, `injini` itaundwa mara nne, na zote zikielekea databesi moja watafutiana jedwali. Wape databesi tofauti, kuna fikscha inaitwa `worker_id` inarudisha `gw0`, `gw1` na kuendelea, ongeza hilo jina kwenye URL. Kwa testi 40 huhitaji bado.

---

chipukizi_dom

Wakuu nimerudi na majibu. Databesi imekaa sawa, ile ya id nimeiandika upya. Nikaweka na hiyo randomly ya jirani, mara ya tatu tu kuiendesha kuna testi imefeli ambayo tangu niiandike haijawahi kufeli hata siku moja:

```
def test_juma_anaweza_kukopa(db):
    k = pata_kikundi(db, "Upendo")
    k.kopesha("Juma", 20000)
    assert k.deni("Juma") == 20000
```

Nimekaa nayo karibu saa nzima. Juma hana hisa hata moja humo ndani! Na hilo faili ndo pekee nililokuwa sijalihamishia kwenye rolibaki, lilikuwa na `db` yake ya `module`. Kumbe muda wote alikuwa anakopa kwa hisa alizonunuliwa na testi iliyo juu yake, na mimi nikawa najua mikopo ya Juma imepimwa.

Swali dogo la mwisho, niifute tu hii? Maana ile ya mara tatu ipo tayari.

---

Bi_Kaguzi

Usiifute. Mpe Juma hisa zake humo humo ndani ya testi, halafu mpime mpakani kabisa, kiwango cha mwisho anachoruhusiwa na shilingi moja juu yake. Ile ya Asha inapima anayekopa sawasawa na kikomo tu, hakuna testi yako hata moja niliyoiona inayohakikisha anayezidisha anakataliwa.

---

chipukizi_dom

Nimempa hisa 4. Kaomba 60,000 kapewa. Kaomba 60,001 naye kapewa. Niliandika `>` kwenye kiasi kilichogawanywa kwa `//`, mgawanyo unaotupa baki, ile shilingi moja ilikuwa inamezwa na mgawanyo. Nimerekebisha, sasa anakataliwa. Naziendesha zote tena.